Orodha Isiyo na Kichwa

Askari wa chifu alinyoosha fimbo yake kwenye tawi akasema, "Na hii pia. Mwaga hapa."

Nilikuwa na debe kichwani na mtoto mgongoni. Maji yale nilikuwa nimeyanunua kwenye kioski cha diwani, na yalikuwa ya uji wa mtoto na ya kufulia nepi zake, kwa sababu tumbo lilikuwa linamwendesha siku ya tatu. Tawi lenyewe lilikuwa la msaiprasi, ule watu huuita mti wa Krismasi. Lilikuwa limekatwa kwa panga kutoka ua wa mtu na kuchomekwa ardhini kama mwiko kwenye ugali. Halikuwa na mzizi hata mmoja. Na halikuwa peke yake. Matawi yalikuwa mistari kwa mistari, kutoka kando ya barabara hadi chini bondeni, na kila moja lilizungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa.

Waziri alikuwa aje Jumamosi iliyopita kujionea jinsi wananchi wa upande wetu walivyorudisha miti bondeni. Hakuja. Tukaambiwa atakuja Jumamosi inayofuata. Tawi la msaiprasi likikatwa hukaa kijani siku nne, tano. Baada ya hapo hugeuka rangi ya tumbaku, na siku hiyo ilikuwa ya sita.

"Askari, hii haina mizizi," nikamwambia.

"Mimi si mwalimu wa shamba. Nimeambiwa kila mama akipita na maji aweke kidogo."

"Kidogo ya nani?"

"Mama, usiniletee maneno asubuhi. Mheshimiwa akikuta imekauka, si wewe utaulizwa, ni mimi."

"Hata ukiimwagia maziwa itakauka. Imekufa."

"Basi mwagia hivyo hivyo, imekufa!"

Nikatua debe. Alifikiri nimetii, maana alirudi nyuma hatua moja nisimchafulie viatu. Nikalishika tawi kwa mikono miwili nikalivuta. Lilitoka bila ubishi, kama jino la mzee. Mtoto mgongoni alianza kulia. Nilimwambia askari yule maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mama yangu anajua kusoma. Kisha nikajitwika debe langu, nikaondoka na tawi mkononi, naye akipiga kelele nyuma, "Rudisha mti wa serikali! Wewe mama! Rudisha mti wa serikali!"

Watu waliosimulia habari hii walisema nilipandwa na wazimu kwa sababu ya mtoto mgonjwa. Mtoto alikuwa mgonjwa, ni kweli. Lakini hasira yangu ilikuwa na umri zaidi ya siku tatu, na sehemu kubwa yake ilikuwa inanielekea mimi mwenyewe.

Mimi si mzaliwa wa huku. Nilikuja Nairobi kutoka magharibi na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya bahasha, nikitafuta kazi ya ofisini ambayo hadi leo hatujaonana. Nikaolewa na mtu wa kwetu, tarishi katika wizara moja mjini. Tukapanga chumba cha mbao kwenye mteremko chini ya Dagoretti Corner, katika shamba la mama mmoja mjane ambaye ukoo wake ulikuwa hapo kabla ya barabara. Wanawake wa mteremko ule walikuwa wenyeji. Mwanzoni salamu yao kwangu ilikuwa fupi. Nilikuwa mtu wa kuja.

Kilichotuunganisha ni chemchemi. Ilikuwa bondeni, chini ya mikuyu minene iliyosimama imeshikana mikono juu yake. Maji yalitoka baridi mwaka mzima, hata miezi ambayo mabomba ya mjini yalikohoa hewa tu. Kuzunguka chemchemi, kila mama alikuwa na kipande chake cha nduma. Walizichemsha jioni, na asubuhi wakaziuza kwenye kona kwa watu wanaokimbilia kazini. Kwa nduma zile watoto walisomeshwa, na mabati yakanunuliwa. Hakuna aliyekuwa amekata mkuyu hata mmoja. Si kwa sababu ya sheria. Hakuna aliyejua sheria inasema nini. Mkuyu wa maji haukatwi, basi, kama vile humpigi ng'ombe unayemkamua.

Siku moja pale chemchemini mama mmoja aliniomba nimsomee barua ya mwanawe aliyekuwa shule ya bweni. Nikamsomea. Kesho yake walikuja wawili. Baada ya mwezi hakuna aliyeniita tena mtu wa kuja. Waliniita Karani. "Karani, njoo uone hii risiti." "Karani, hawa wamesema nini hapa?" Walipoanzisha kikundi chao, kalamu nikapewa mimi. Sitadanganya, niliipenda. Msichana aliyefundishwa hesabu za pembetatu na akaishia kuosha masufuria hupenda kuitwa karani.

Ndipo chifu alipoitisha baraza. Alisema serikali imekubali kutuletea maji ya bomba, ila lazima ijulikane akina mama wenyewe wanataka maendeleo. Yanahitajika majina, na dole gumba la kila mmoja. Akageuka kwangu mbele ya watu wote.

"Wewe Karani, mwandiko wako ni mzuri. Andika."

"Niandike juu ni orodha ya nini, Chifu?"

"Kichwa kitapigwa taipu huko ofisini. Wewe acha nafasi."

Mtu ambaye hajaishi huku atauliza kwa nini sikukataa. Huku kwetu watu huandikwa majina kila mahali. Ukienda mazishini unaandikwa, ukienda kwenye harambee unaandikwa, ukikatiwa kadi ya chama unaandikwa. Hakuna anayeogopa kuwa kwenye orodha. Kinachoogopwa ni kukosekana. Siku ikigawiwa mbegu, au siku ikiulizwa nani hakuja, jina lisiloonekana ndilo linaloumia. Kwa hivyo akina mama walisukumana wafike mezani kabla wino haujaisha. Mwenye nyumba wangu alipofikiwa alichovya dole, akalikandamiza, akacheka: "Karani, nimeandika vizuri?" Nikamwambia, "Umeandika kuliko mimi."

Niliacha mistari minne juu. Niliipima kwa rula.

Hazikupita wiki nyingi, lori likashuka bondeni na watu wenye misumeno. Akina mama wakakimbia. Mwenye nyumba wangu alifika wa kwanza, akasimama mbele ya mkuyu na leso yake kiunoni, akawaambia wakitaka wamkate yeye. Msimamizi wao hakubishana. Alikuwa mtu mpole, tena mwenye haraka. Akatoa karatasi mfukoni akasema, "Mama, hii kazi iko na ruhusa. Kuna mtu anajua kusoma?"

Wakaniita.

Nikaona mwandiko wangu. Majina yote, mmoja chini ya mwingine, na madole yao ya zambarau. Na juu, kwenye mistari yangu minne, taipu safi nyeusi: kwamba sisi akina mama wa bonde hili tunaomba miti iondolewe kwa kuwa inaficha wezi na kuzaa mbu, na tunakubali mwenye kibali aichukue. Mwenye kibali hakutajwa jina. Hakukuwa na haja. Lori lilikuwa la mheshimiwa fulani ambaye kila mtu alijua ni mtu wa karibu na wakubwa, na chifu aliketishwa kitini na wakubwa hao hao. Chifu hapigiwi kura. Nani amwulize?

Mwenye nyumba alikuwa bado ameuegemea mti. "Karani, inasema nani amekubali?"

Nikazitazama zile alama za vidole. Yake ilikuwa ya tatu.

"Serikali," nikasema.

Akaondoka pale mtini. Angebaki mbele ya misumeno, lakini serikali haibishiwi. Hilo ndilo nililofanya, na sijaliweka humu ili nihurumiwe.

Mikuyu ilianguka kwa siku tisa. Mbao zikaenda, na matawi na visiki vikachomwa makaa hapo hapo bondeni. Magunia yakapakiwa, wengine wakasema yanakwenda pwani yapande meli ya kwenda kupikia Waarabu. Sijui walipika nini. Najua sisi tulipikia maranda ya mbao kwenye mkebe, macho yakitutoka machozi, kwa sababu makaa yalikuwa yamepanda bei na mafuta ya taa yalipanda zaidi.

Chemchemi ilianza kupungua mvua zilipokatika. Mvua nyingine ziliporudi, kilichoshuka bondeni kilikuwa tope. Nduma zikawa ndogo, halafu zikawa na nyuzi, halafu hazikuwa. Akina mama waliokuwa wakiuza kwenye kona wakaanza kwenda Parklands kwa miguu kutafuta nguo za kufua katika nyumba za watu, wakirudi na mikono imechubuka kwa sabuni. Mwenye nyumba wangu hakuweza kwenda, miguu ilimkataa. Akaniongezea kodi. Alinijulisha akiangalia pembeni, na mimi nikaangalia pembeni. Yeye hakujua kwa nini sikumlalamikia.

Na bomba lilikuja! Chifu hakusema uongo. Lilikuja hadi kioski kimoja chenye kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa mke wa diwani. Akifungua tunapata, akiwa na harusi tunakaa na kiu. Mkuyu mmoja tu ulibakizwa, ule uliosimama juu ya jicho lenyewe la chemchemi. Chini yake palikuwa bado panatoka maji ya kujaza kikombe kwa muda wa kusema sala ndefu. Walikuwa wameupaka alama nyekundu. Msimamizi alituambia wazi kwamba wataurudia baada ya waziri, maana waziri lazima aonyeshwe mti mmoja mkubwa uliohifadhiwa.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo siku niliyong'oa tawi.

Nilikwenda nalo moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Alikuwa anachambua maharagwe uani. Nikalilaza miguuni pake.

"Umeniletea Krismasi mapema," akasema.

"Mama, nataka kukuambia kitu. Ile karatasi ya lori. Haikusema serikali."

"Ilisema nani?"

"Ilisema wewe. Ilisema sisi sote. Ni ile orodha ya bomba. Walijaza juu."

Aliendelea kuchambua maharagwe. Alitupa moja bovu, akatupa lingine. "Na wewe ulisoma ukaona."

"Nilisoma nikaona."

"Nikiwa nimesimama pale na leso kiunoni kama bibi harusi."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hivyo ni kidole hiki." Akakinyanyua akakitazama pande zote mbili, kana kwamba wino ungekuwa bado. Nilingoja anifukuze nyumbani kwake. Ningekuwa yeye ningenifukuza. Badala yake akasema, kwa sauti ya mtu anayemtuma mtoto dukani, "Ulikiweka wewe mahali kilipo. Nenda ukakitoe."

Kisha akaniambia nimwachie mtoto, na nitoe nusu ya maji yangu amkorogee uji. Nikapita mlango kwa mlango nikawaambia na wengine, na kila mmoja akataka dole lake litoke.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nilikuwa nimeshaandika rasimu kwa penseli. Aliisoma amesimama, na kofia yake ya kazi bado kichwani.

"Unataka nifutwe?"

"Sijataja kazi yako."

"Umetaja jina lako, na jina lako ni langu. Mimi ndiye hubeba hizi barua, Mama Mtoto. Najua zinakokwenda."

"Zinakwenda wapi?"

"Kabatini." Akakaa. "Kuna makabati kule hata funguo zake zilikwenda na Wazungu."

"Basi hii nayo iwe humo. Siku moja mtu atalivunja atafute pesa, aikute."

Hakucheka. Alikuwa anaogopa, na hakuwa mjinga kuogopa. Mtu wa daraja lake hufutwa kwa kikaratasi, hata hakipigwi muhuri. Tulipatana jambo moja: nitatia sahihi kwa jina la baba yangu, lililo kwenye cheti cha shule. Kisha akanifundisha yale aliyoyajua yeye: nidai muhuri kwenye nakala yangu, niombe nambari ya faili, nisikubali kuambiwa nirudi baada ya chakula cha mchana.

Nikaenda mjini, kwenye ofisi inayotoa vibali vya kukata miti. Dirisha la kwanza waliniambia malalamiko ya miti ni dirisha la tatu. La tatu wakasema barua ya mkono haipokelewi, ipigwe taipu. Nikatoka hadi kibarazani pa duka moja nyuma ya soko, ambapo mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi alikuwa na mashine yake juu ya kreti. Aliisoma rasimu akaguna.

"Mama, hapa umesema 'chifu alitudanganya.' Tuweke 'inasemekana.'"

"Inasemekana na nani? Nilikuwepo."

"Ni lugha ya ofisi tu. Inakulinda."

"Na hapa niliposema mimi ndiye niliyeandika orodha, nalo utasema inasemekana?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Hapo hakuna mtu atakushtaki kwa kujisingizia. Lakini nimepiga barua kwenye mashine hii tangu wakati wa gavana Mzungu, mama. Watu huja hapa kusema wengine walifanya nini. Wewe ni wa kwanza kuniletea hii." Akavuta karatasi, akaingiza kaboni, na akapiga kama nilivyoandika.

Kijana wa dirisha la tatu aliichukua kwa vidole viwili. "Kwa Kiswahili?"

"Wabunge wenu wakija kwetu kuomba kura huomba kwa lugha gani?"

"Na hii takataka?"

"Si takataka. Ni kiambatisho. Kimeandikwa hapo chini."

"Mama, nitaweka mti ndani ya faili?"

"Si mti. Soma barua."

Nyuma yangu foleni ilianza kucheka, na nadhani ni kicheko kile kilichomfanya apige muhuri haraka niondoke njiani. Akapiga ya kwake, akapiga ya kwangu. Tawi akalisimamisha kwenye kona, karibu na mwavuli wa mtu.

Waziri hakuja Jumamosi ile pia. Jibu langu halijaja. Asubuhi ya leo mkuyu ulikuwa umesimama, alama yake nyekundu imeanza kufifia. Ya kesho siyasemi. Nakala ninayo, na muhuri wake unasomeka. Niliiandika hivi:

Bwana Mkubwa,

KUH: KUONDOLEWA KWA RIDHAA YA AKINA MAMA KATIKA KIBALI CHA KUKATA MIKUYU, BONDE LA CHINI YA DAGORETTI CORNER

Mimi ni mama wa mtoto mmoja na mpangaji katika mteremko uliotajwa. Naleta malalamiko rasmi kama ifuatavyo.

Kibali kilichotumika kukata mikuyu ya chemchemi yetu kinategemea orodha ya majina na madole gumba ya akina mama. Orodha hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu katika baraza la chifu. Ilipoandikwa haikuwa na kichwa. Chifu alitudanganya kwamba ni ya kuomba bomba la maji. Maneno ya kuomba miti ikatwe yaliongezwa baadaye, pasipo sisi kujua, katika nafasi niliyoiacha.

Siku ya kukata nilipewa karatasi hiyo niwasomee wenzangu. Niliona walichofanyiwa na sikuwaambia. Niliwaambia serikali ndiyo iliyokubali. Kama ningesema kweli wasingeondoka mtini. Kosa hilo ni langu na silipunguzi.

Sasa nimewaambia wote. Hakuna hata mmoja aliyekubali miti ikatwe, na kila mmoja anaondoa dole lake. Kwa kuwa orodha ni ya uongo, kibali hakina miguu ya kusimamia. Naomba mkuyu mmoja uliobaki, wenye alama nyekundu, usikatwe. Chini yake ndipo maji yetu ya mwisho yalipo.

Naomba pia Mheshimiwa Waziri ajulishwe kabla ya ziara yake kwamba miti atakayoonyeshwa bondeni haikupandwa. Imechomekwa. Asipoamini, na ashike mmoja wowote avute.

Wako mtiifu,

(sahihi)

Aliyekuwa karani wa kikundi cha akina mama.

Kiambatisho: tawi moja la msaiprasi, halina mizizi.